Saba ya Januari na saba ya Agosti

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mfiziotherapia katika hospitali moja ya wilaya, Kongwa. Tangu Januari kila mgonjwa wa mgongo namuuliza namba ya maumivu, 0 hadi 10, na kumjazia dodoso la Roland-Morris, la mambo ambayo mgongo unamzuia mtu kuyafanya, nililolitafsiri mwenyewe. Agosti nikawapima tena waliorudi. Wastani wa maumivu umeshuka kutoka 7 hadi 4. Mganga mfawidhi kafurahi, anataka tuiweke kwenye taarifa ya robo mwaka na atulinganishe na hospitali jirani. Daktari mwenzangu anasema hayo ni maneno ya wagonjwa tu, tuangalie picha za X-ray. Mimi nasumbuliwa na watu wawili. Mama mmoja alianza na 7, Agosti kasema 7 tena, halafu akanishukuru na kuniletea karanga. Mzee mmoja alisema 2 huku kashika ukuta. Nizisomeje namba hizi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili macho yamekwama kwenye hizo karanga. Mgonjwa ambaye hakupata kitu kwako haleti karanga. Tuanzie hapo, wastani tutaukuta njiani.

Januari huku kwetu ni palizi. Mama mwenye mgongo wa 7 mwezi huo yaelekea alikuwa ameacha jembe, yuko mkekani, na kisimani anakwenda mtoto. Agosti mavuno yameshaingia ndani, naye kwa mazoezi uliyompa amerudi kujitwisha ndoo ya lita 20, anatwanga, anakwenda mnadani kwa miguu na kurudi. Jioni mgongo unadai chake, na yeye anakuambia 7. Saba ya kwanza ilisemwa na mtu aliyelala. Ya pili imesemwa na mtu aliyetoka kazini. Watu wenye maumivu ya muda mrefu huitumia nafuu kama mshahara: ikiingia tu mfukoni, wanainunulia kazi walizokuwa wamezikosa, na siku inaisha mfuko ukiwa mtupu kama jana. Kwa hiyo mama hakukosea kujibu. Sisi ndio tuliuliza swali moja tukataka litujibie mambo mawili.

Hebu mtazame kupitia kipimo kingine, EQ-5D. Kinauliza mambo matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu, na wasiwasi au huzuni. Kwenye toleo la ngazi tano kila jambo hupewa tarakimu ya 1 hadi 5, hivyo hali zinazoweza kuandikwa ni 3,125, kuanzia 11111 ya mzima kabisa hadi 55555. Tuseme mama huyu Januari angeandikwa 32443 na Agosti 11241. Itazame tarakimu ya nne, ya maumivu: haikusogea. Zilizobaki zote zimesogea, na ndizo zilizoleta karanga. Ukiwa na ile namba moja ya maumivu peke yake, ungemwandika mama huyu "hakuna mabadiliko" na kumpa tarehe nyingine.

Kwa kazi yako, lakini, ninachokipenda kuliko hicho ni kipimo kilichotoka Kanada mwaka 1995, kinaitwa kwa kifupi PSFS. Hakina orodha ya maswali iliyoandikwa na mtu wa mbali. Unamwomba mgonjwa akutajie mwenyewe kazi tatu hadi tano ambazo mgongo umemzuia au umezifanya ngumu, kisha kila moja aipe namba: 0 haiwezi kabisa, 10 anaifanya kama zamani kabla hajaumia. Mmoja atakutajia kuinama kupalilia. Mwingine kukaa kwenye kigoda kusonga ugali, kusujudu, kupanda bodaboda hadi Kibaigwa. Akirudi unamsomea kazi zilezile alizozitaja, huleti nyingine. Wastani wa kazi zake ukipanda kwa 2, au kazi moja ikipanda kwa 3, hapo umeshapita kiwango cha kuyumba kwa kawaida kwa kipimo chenyewe. Udhaifu wake ni kwamba huwezi kumlinganisha Mama huyu na Baba yule, kwa kuwa kila mmoja kataja yake. Lakini wewe uko kliniki, unamtibu mmoja mmoja.

Sasa mzee wa 2.

Kiswahili chetu kina jibu lililopikwa kabla swali halijafika. Hujambo? Sijambo. Habari za usiku? Nzuri, ila sijalala siku ya tatu leo. Kwanza "nzuri" ya heshima, halafu ndipo linakuja neno lenyewe, na anayeandika kwa haraka huwa ameshaijaza "nzuri" na kugeuza ukurasa. Kwa wazee wa Kigogo kuna zaidi: salamu ya mbukwenyi ina mwendo wake, haiparamiwi, na mzee aliyefundishwa tangu ujana kwamba mwanamume halii maumivu hawezi kukuambia 9 mbele ya mjukuu wake. Ongeza na hili: anayemuuliza ni wewe uliyemkanda mgongo wiki sita. Akikuambia 8 atakuwa kama amekutukana mikono. Amekupa 2 ya adabu.

Dawa yake haina gharama. Namba ichukuliwe kabla ya matibabu, na aichukue mtu asiyemtibu, hata dada wa mapokezi, mradi amefundishwa kuyasema maneno yaleyale kila mara. Kwanza aelezwe kwamba jibu lolote ni zuri, halimkasirishi mtu wala halimnyimi huduma. Kama anaongea Kigogo zaidi kuliko Kiswahili, apatikane mtumishi wa Kigogo aliyekwisha kukubaliana na wenzake namna ya kulisema swali, asiwe mjukuu anayetafsiri anavyoona. Mjukuu hupunguza, au huongeza ili babu apewe dawa. Nimeona yote mawili. Asiyesoma namba ahesabu kwa vidole. Kipimo cha huduma shufaa (ya kuwapunguzia mateso wenye maradhi mazito) cha African Palliative Care Association, maarufu kama APCA African POS, kimejengwa kwenye alama za 0 hadi 5, na mgonjwa anaweza kujibu kwa mkono mmoja: ngumi ni sifuri, vidole vyote ni tano. Kina maswali 10, saba ya mgonjwa na matatu ya ndugu anayemuuguza, na hayo matatu yameandikwa yakiwa ya muuguzaji tangu mwanzo. Muuguzaji anajibu yake, haazimi mdomo wa mgonjwa.

Jambo moja usilifanye: usimsahihishie mzee namba yake. Najua inavyowasha kuifuta 2 na kuandika 6 ukimwona anavyopapasa ukuta. Iache 2. Pembeni andika ulichokiona wewe: ameshika ukuta, kainuka kwenye kiti kwa kusukuma na mikono, sekunde kadhaa. Hizo ni taarifa mbili za mashahidi wawili, na pengo lililo kati yao ndilo litakalokuonyesha pa kuuliza.

Daktari mwenzako msalimie sana. Hoja yake ni ya zamani na ina heshima zake, ila kwenye mgongo imemponyoka. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti zilizowapiga picha za CT na MRI watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo hata kidogo. Diski (mito iliyo kati ya pingili za mgongo) zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Watu hao walikuwa wanatembea zao salama. Picha ina kazi yake ukishuku kuvunjika, kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani, au miguu ikianza kufa ganzi. Lakini haiwezi kukuambia kama mama anaweza kujitwisha ndoo. Habari hiyo ina shahidi mmoja tu, naye ni mama. Kinachotakiwa ni kumhoji shahidi huyo kwa utaratibu: maneno yaleyale, kipindi kilekile, mizani ileile. Hapo maneno ya mgonjwa yanakuwa kipimo. Hata mashine ya presha humpa mtu namba mbili tofauti ndani ya dakika kumi, na bado tunaiamini kwa kuwa tunajua inayumba kiasi gani.

Nakuja kwenye lililonitia wasiwasi kuliko yote kwenye barua yako, nawe umelisema kama unapita tu: "nililolitafsiri mwenyewe".

Roland-Morris lilitengenezwa Uingereza mwaka 1983. Lina maelezo 24, na mgonjwa anatia tiki yale yanayomhusu leo, hiyo siku anayojaza. Alama ni idadi ya tiki. Ni la bure, hakuna wa kumwomba kibali, na kwa mgongo limefanyiwa kazi nyingi duniani. Sasa lisome ukiwa umekaa kwenye nyumba ya tembe. Kuna maelezo ya kupanda ngazi polepole kuliko kawaida. Kuna ya kushika reli ya ngazi. Kuna ya kuvaa soksi kwa tabu. Mgonjwa wako asiye na ngazi wala soksi hatatia tiki, na fomu itamhesabu mzima kwenye maeneo hayo matatu. Mwenye mgongo mbaya kuliko wote kijijini kwenu ataishia 21, na mwenye mgongo wa wastani atashuka bila kupona. Dodoso halidanganyi kwa makusudi. Limeletwa tu likiwa na nyumba ya watu wengine ndani yake. Nanyi watu wa Kongwa mnajua mambo hayo kuliko sisi: mwaka 1947 Waingereza waliwaletea matrekta ya mradi wa karanga bila kuusikiliza udongo, na 1951 wakawa wameuacha. Karanga za mama wako zimeota kwa namna nyingine kabisa.

Kuna mtego mwingine ulioniumbua mimi mwenyewe. Nikiwa bado kijana kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilitafsiri dodoso la usingizi kwa usiku mmoja, nikajiona hodari. Swali mojawapo nikaliandika, "Je, hukulala vizuri jana?" Kwa Kiswahili, mtu aliyekosa usingizi anajibu "ndiyo", maana yake ndiyo, sikulala. Mwingine aliyelala vizuri naye akajibu "ndiyo", maana yake ndiyo, nililala. Nikawa na rundo zima la fomu zenye "ndiyo" za maana mbili, na hakuna namna ya kuzitenganisha. Zikawashia jiko. Tangu hapo swali lenye ukanushi ndani yake silipitishi, liwe limetoka wapi.

Viko na vijitego vidogo. "Wiki iliyopita" kwa wengi ni wiki ile iliyoisha Jumapili, wakati dodoso linataka siku 7 kuanzia leo kurudi nyuma. Ifunge na kitu mtu anachokikumbuka, "tangu mnada wa juma lililopita". "Kuumwa" ni maumivu na ni ugonjwa pia, kwa hiyo "unaumwa?" inaweza kujibiwa na malaria. Halafu "kidogo", "kiasi" na "wastani": mwulize mama aliye foleni zipi kubwa kati ya hizo, uone atakavyokuangalia. Kama ngazi mbili za majibu hazitofautiani kichwani mwa mtu, basi kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakujakuambia kitu.

Tafsiri inayotegemewa hufanywa na watu wawili, kila mmoja peke yake, wanakaa na kupatanisha, kisha mtu wa tatu ambaye hajakiona Kiingereza cha maneno hayo anairudisha kwenye Kiingereza, na tofauti zinajadiliwa. Halafu, na hapa ndipo wengi huruka, unakaa na wagonjwa kadhaa wa aina zote, msomi na asiyesoma, wa mjini Dodoma na wa kijijini, unawauliza: swali hili umelielewaje? Liseme kwa maneno yako. Ukimsikiliza bibi mmoja akilieleza swali lako kinyume, utakuwa umeokoa mwaka wa kazi. Kazi ya namna hii imewahi kufanyika nchini kwa SF-36, dodoso la maswali 36 ya hali ya afya, ambalo toleo lake la Kiswahili lilijaribiwa Dar es Salaam na matokeo kuchapishwa 1999. Na dodoso kama EQ-5D huruhusiwi kulitafsiri nyumbani. Unajiandikisha kwa wenyewe, EuroQol, wanakupa toleo rasmi.

Je, fomu zako za Januari uzitupe? Hapana. Uliuliza maneno yaleyale mara zote mbili, kwa hiyo badiliko la mtu mmoja na nafsi yake bado lina la kusema. Ila alama hizo usiziweke kando ya alama za hospitali nyingine wala za kitabu.

Haya, wastani. Saba hadi nne. Mganga mfawidhi ana haki ya kufurahi, lakini mzuie kidogo asipige picha.

Umepima Januari, ukapima Agosti. Dodoma mvua yetu ni msimu mmoja, Desemba hivi hadi Aprili. Januari watu wameinama shambani toka alfajiri. Agosti wamekaa, wanasubiri harusi na ngoma. Mgongo wa mkulima ambaye hajawahi kukuona maishani nao umeshuka kati ya miezi hiyo miwili. Sehemu fulani ya hizo pointi tatu ni yako, sehemu ni ya msimu, na kwa namna ulivyopima huwezi kuzigawanya. Ungewapima wagonjwa wa Agosti ukawarudia Januari, pengine ungeambiwa unawaumiza! Njia rahisi ni kuacha kuhesabu kwa kalenda ya hospitali na kuhesabu kwa mgonjwa: siku ya kwanza, wiki ya 6, mwezi wa 3, kwa kila anayeingia, mwaka mzima. Wa palizi watachanganyika na wa kiangazi, nawe utaweza kulinganisha waliokuja Januari hii na watakaokuja Januari ijayo.

La pili halihitaji mvua. Hakuna anayekwenda hospitali siku mgongo umetulia. Anakuja siku umemkaza, siku ya maumivu ya 8 au 9 katika mgongo ambao kwa kawaida huzunguka 5. Ukimpima siku nyingine yoyote, hata bila kumgusa, yaelekea utamkuta chini ya pale. Ndiyo maana karibu kila tiba ya mgongo duniani, na ya waganga wa kienyeji imo, ina wagonjwa wa kuisifia.

Na la tatu umeliandika mwenyewe kwa neno moja: waliorudi. Ambao hawakurudi wako wapi? Kuna aliyepona akaona hakuna haja. Kuna aliyezidiwa akaenda hospitali ya Mvumi au ya Benjamin Mkapa. Kuna asiye na nauli. Tuseme walianza 60 wakarudi 28. Wastani wa hao 28 ni habari ya hao 28. Wapigie simu wengine, hata kumi tu, uwaulize namba ileile, na uandike kwamba hawa walijibu kwa simu, maana mtu humjibu mtu wa simu tofauti na anavyomjibu aliyekaa naye. Katika taarifa idadi ya wasiorudi ikae mstari mmoja na wastani. Usiifiche chini ya jedwali.

Kwa hiyo badala ya wastani, hesabu watu. Wataalamu wa mgongo walikaa wakakubaliana, makubaliano yakachapishwa 2008, kwamba badiliko ambalo mgonjwa mwenyewe angelihisi kuwa lina maana ni takriban pointi 2 kwenye mizani ya 0 hadi 10, pointi 5 kwenye Roland-Morris, au kwa ujumla asilimia 30 ya pale alipoanzia. Hiyo asilimia naipenda kwa sababu inamtendea haki aliyeanzia chini: kutoka 10 hadi 8 ni pointi 2, kutoka 4 hadi 2 ni pointi 2, lakini wa kwanza bado halali na wa pili ameshasahau. Si msumeno, ni kamba ya kupimia. Aliyefika asilimia 29 usimwambie hajapona. Ila ukiandika kwamba kati ya waliorudi wangapi walifikia asilimia 30, wangapi walibaki palepale na wangapi walizidiwa, msomaji anaona watu. Wastani wa 4 unaweza kuwa kundi zima limepungua kidogo, au nusu wamepona kabisa na nusu wako vilevile. Kitabibu hayo ni mambo mawili yasiyofanana hata kwa dawa.

Kulinganishwa na hospitali jirani, kataa kwa adabu. Uingereza ndiko walikolifanya jambo hili kwa nchi nzima, kuanzia Aprili 2009, kwa waliobadilishiwa nyonga na magoti: dodoso kabla ya upasuaji, jingine kama miezi 6 baadaye, kila hospitali. Kabla ya kulinganisha wanarekebisha kwa umri, kwa maradhi mengine, kwa alama aliyoanza nayo mgonjwa. Wewe una kaunta buku na jirani yako hana hata hiyo. Kama yeye anapokea madereva wa malori na wewe unapokea bibi zetu, mkilinganishwa atakayeshindwa ni umri. Kuna hatari nyingine, nayo naisema taratibu: siku namba ikianza kuleta pongezi au karipio, mikono itaanza kuisaidia. Utashangaa wazee wa 2 watakavyokuwa wengi.

Asije pia akachanganya namba hizi na yaliyomo kwenye sanduku la maoni pale mlangoni. Sanduku linauliza ulipokewaje, ulisubiri muda gani, ulielezwa dawa. Mtu anaweza kupokewa vizuri mno na mgongo ukabaki uleule, na mwingine akapona mikononi mwa nesi mkali. Yote yahesabiwe, kila moja kwenye daftari lake.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Maumivu ya mgongo ya miezi mingi hutembea na huzuni, na mapema au baadaye mtu atakushauri uongeze PHQ-9, dodoso la kupima huzuni iliyozidi. Ni maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja 0 hadi 3, jumla 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Ni zuri. Lakini swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Ukiliuliza swali hilo, jibu lake halilali kabatini hata usiku mmoja. Kabla hujachapisha fomu ya kwanza, ujue siku hiyohiyo unamkabidhi nani, jina lake na simu yake. Hospitali ya Mirembe iko mkoani kwetu, ila wewe na mimi tunajua jina hilo mtaani limegeuzwa tusi, kwa hiyo mgonjwa asilisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwako akiwa mlangoni anaondoka. Mkalishe, msindikize kwa tabibu wa hapohapo kwanza. Kama mpango huo haupo, PHQ-9 isubiri.

Nasema hivyo kwa sababu ushahidi wenyewe unaelekea huko. Utafiti mmoja maarufu wa fani hii ya kumpima mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe ulitangazwa mwaka 2017, kutoka Memorial Sloan Kettering, New York: wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa, kundi moja likiripoti dalili lenyewe kupitia intaneti, jingine likihudumiwa kwa kawaida. Muda wa kuishi wa katikati ulikuwa miezi 31.2 kwa walioripoti na 26 kwa wengine. Watu wakaanza kununua programu za simu. Wakasahau kwamba upande wa pili wa ile ripoti kulikuwa na nesi aliyepata ujumbe dalili ikichachamaa, naye akafanya kitu. Ilikuwa hospitali moja tajiri ya saratani, sikuambii itakuwa hivyo Kongwa. Nakuambia fomu isiyosomwa na mtu siku ileile inamchosha mgonjwa bure, na wagonjwa wetu huligundua hilo mapema. Mwonyeshe mama namba zake za Januari. Mwache azione, acheke au akatae.

Kwa taarifa ya robo mwaka mwandikie mganga mfawidhi sentensi chache: walioanza ni wangapi, waliorudi wangapi, kati yao waliofikia nafuu ya asilimia 30 wangapi, kwamba kipimo cha kwanza kilikuwa msimu wa palizi na cha pili baada ya mavuno, kwamba dodoso ni tafsiri ya ndani ambayo haijajaribiwa, na kwamba kuanzia sasa mtapima wiki ya 6 na mwezi wa 3. Majina ya wagonjwa yasitoke humo, na hilo daftari lifungiwe: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haikubagua kaunta buku na kompyuta. Siku ukitaka kuvichapisha kama utafiti, kibali cha maadili kinatangulia, hakifuati.

Na yule mzee mwite kabla mvua hazijaanza. Apokewe na mtu mwingine, asalimiwe mpaka salamu iishe, halafu asiulizwe namba kwanza. Aulizwe msimu huu nani atamlimia.